Tandiko la Rehani

Bi. Siwatu alitua sanduku la bati
juu ya meza yangu, Gerezani, kwenye safu ya mafundi,
kati ya njumu za mpira na mkoba uliokatika mkanda.
"Fundi," kasema, "nataka begi la shule la mjukuu.
Ngozi ninayo."

Nikafungua. Harufu ikanitangulia:
nta, jasho la kale, panya.
Kisha vitu, kimoja kimoja, kama mashahidi:
mkanda wa risasi wenye vijaluba tisa, vyote vitupu,
isipokuwa kimoja, sindano na uzi uliooza;
kikuku cha kupandia, pacha wake hayupo;
lijamu iliyotafunwa hadi kung'aa;
vitambaa virefu vya kuzungushia miundi;
kofia pana, ukingo mmoja umekunjwa juu kwa pini,
na kwenye pini beji ya shaba:
farasi anaruka, miguu yote minne hewani,
chini yake maneno ya Kilatini yaliyolika kwa vidole.
Na chini kabisa, limelala kama kasa,
tandiko.

Nimeshona mikoba miaka thelathini na mmoja.
Farasi nimemwona mara mbili,
mara moja akiwa kwenye kibandiko cha kiberiti.
"Kwenu kulikuwa na mpanda farasi?"
Akacheka mpaka akashika meza.
"Kwetu kulikuwa na mbebaji."

Akasimulia, amekalia ndoo yangu ya gundi.
Askari wale walikuja na farasi kwa mamia,
wakipanda ili wafike, wakishuka ili wapigane,
lakini mbung'o haulizi cheo.
Kila kambi iliacha mizoga, kila mzoga uliacha tandiko,
na afisa mmoja hakutaka kuliacha lake.
Akatwishwa Mihambo, babu yake Siwatu,
kutoka bara mpaka Dar es Salaam.
Kafa farasi, mzigo ukafika.

"Sare ya babu unaitaka?"
Akafungua pindo la khanga: kisahani cha bati,
tundu moja, kipande cha kamba, 4417.
"Ndiyo hii. Hakupewa kaki, wala kifungo, wala kiatu."
Bandarini afisa alimwambia, ngoja hapa,
nakufuatia mshahara wako wa miezi tisa.
Meli ikapiga honi. Babu akangoja hadi giza,
akalitwaa tandiko likawa rehani,
akaenda nalo walikolala wabebaji wenzake,
kule ambako hata leo tukienda kununua nyanya
tunataja kazi yao bila kujua: Kariakoo.
"Hakuna aliyekuja kuikomboa," kasema.
"Nami nimechoka kuitunza."

Nikaligeuza nipime pa kukata.
Juu, kiti kina alama ya makalio ya mtu mmoja, laini, ya kung'aa.
Chini, pa kukaa mgongo wa mnyama,
pana shimo.
Nikatia ngumi. Nikatia ngumi mbili.
Kisha, Bi. Siwatu akiangalia mtaani,
nikaliinua, nikajitwisha.
Likakaa.

Sijui nilisimama vile muda gani. Shingo inajua.

Nilikata mbawa tu, ngozi nene
iliyonivunjia sindano tatu.
Vijaluba viwili vikawa vya penseli.
Pale penye kichwa sikupagusa;
nilipafunga kwenye gunia, nikamrudishia,
hakuuliza kwa nini.

Siku ya malipo akafungua pochi, akahesabu noti,
akazirudisha.
Akachomoa beji kwenye kofia, akaitemea mate,
akaifuta kwa khanga, akanitia kiganjani.
"Chukua farasi. Bwana wake alikimbia deni,
atalipa yeye."

Basi yuko hapa, nimempigilia juu ya cherehani,
anaruka, haendi. Namtundikia mkasi.
Wateja huniuliza ni timu gani.

Ile namba nilitaka kuishona mbele ya begi, ionekane.
Bi. Siwatu akanipokonya.
"Mtoto ana jina," kasema,
akaifunga tena kwenye pindo la khanga,
mafundo mawili.