Karata ya Mvua

Nilianza na mabaki.
Steshenari yetu pale Majengo hukata karatasi ngumu
za majalada ya wizara, na vipande vinavyodondoka
chini ya kisu havina mwenyewe.
Nikaviokota kama aokotaye uwele nyuma ya wavunaji,
nikavipima kwa kiganja. Vinatosha.

Arubastini nilifunzwa na kaka yangu Ndahani
usiku umeme umekatika, chemli katikati:
kopa, uru, shupaza, pao.
Nikamuuliza, huyu mfalme ni wa wapi?
Akasema, cheza.

Basi mfalme wangu hana taji.
Ni ng'ombe wa Chamwino, pembe moja imepinda,
niliyemwona akilamba mchanga
mahali maji yalipokuwa.
Malkia ni kichala cha zabibu za Hombolo,
cheusi, kimeumwa na nyuki upande mmoja.
Chumvi ni ya Bahi. Uwele ni wa popote.
Na wekundu wote nimeuazima Kolo,
kwenye mwamba ambako mtu asiye na jina
alichora twiga kwa kidole, akaondoka
bila kuacha sheria.
Ningemuuliza alikuwa akicheza na nani.

Karata hamsini na mbili, na moja ya ziada: mvua.
Hii ilinitesa. Niliipaka bluu, nikaikwangua,
nikaipaka kijivu, rangi ya lile wingu
linalopita Dodoma likienda kunyesha Morogoro.
Atakayeilamba, atavuna.
Wengine wahesabu magunia matupu.

"Si haki," alisema Lechipya, mhasibu.
"Mtu amelima vizuri raundi sita, ashindwe na bahati?"
Nikamwambia, umewahi kulima?
Akacheka, kicheko kifupi.

Lakini alikuwa na hoja.
Usiku kumi na moja tulijaribu, karanga na chai ya rangi,
na kila usiku, mvua ikishajulikana iko mkononi mwa nani,
wengine wanatoa simu.
Mchezo ukifa unausikia:
viti vinaanza kulia.

Kisha akaja shangazi Sechelela kutoka Mlali,
amekuja mjini kwa ajili ya macho.
Alizishika karata karibu na pua kama anazinusa.
Raundi ya nne akailamba mvua,
akaitazama,
akaisukuma mezani, ikapita thermosi,
hadi kwa Ndahani aliyekuwa hana kitu.

Tukapiga kelele. Shangazi, hairuhusiwi!
"Imeandikwa wapi?"
Haikuandikwa popote.
"Babu yenu alikuwa na ng'ombe saba zizini
na thelathini kwa watu.
Ukame ukaja, wale saba wakafa wote.
Sasa hesabuni mlilelewa na maziwa ya nani."
Akala karanga. "Zamu ya nani?"

Hakuna aliyetoa simu usiku ule.
Ndahani alivuna, na tangu avune
tulikuwa tukimwangalia yeye tu,
atalipa lini, atalipa nini,
naye anazipanga karata zake, anazipangua,
jasho linamtoka kwa ajili ya uwele wa karatasi.

Alfajiri nilifuta ukurasa mzima wa kanuni.
Imebaki mistari miwili:
*Unaweza kumpa mwenzako karata yoyote.*
*Deni halina karata. Likumbukeni wenyewe.*

"Na pointi?" Lechipya anauliza. "Mshindi anajulikanaje?"
Sijui bado. Namwambia asubiri masika.

Leo nimekata seti ya kumi na mbili, kisu kimekuwa butu.
Kipande cha mwisho kilitoka na muhuri mwekundu,
neno moja, SIRI, limekatwa nusu.
Sikuwa na kingine. Nikakifanya mvua.
Nimekipaka kijivu mara mbili,
na bado, ukikiinua kwenye mwanga,
wekundu unaonekana.