Uzi wa Nta

Kibanda changu kiko Moshi, upande wa Kiusa:
turubai la bluu, kigoda, nyundo, kopo la gundi.
Miguu naijua. Uso wa mteja huja baadaye.
Naisoma soli: huyu hubeba mzigo bega la kushoto,
yule kisigino kimeliwa kwa nje tu, kama mhindi wa kuchoma,
ana nyonga inayouma na hajamwambia mtu.

Basi niulize, mimi msomaji wa nyayo,
ilikuwaje nikasoma za mke wangu kichwa chini?

Aikaruwa alipewa vidonge vya presha masika yale,
kimoja kila asubuhi. Akameza. Mashine ikashuka, tukashukuru.
Kufika Julai, baridi ya mlima imeingia hadi uvunguni,
kiatu chake cha kanisani kikamkataa.
"Kinabana," alisema.
"Nipe," nikasema. Ndiyo kazi yangu:
kinachobana hutanuliwa.
Nikamzungushia uzi wa nta juu ya kifundo cha mguu,
nikaufunga fundo kuweka kipimo,
nikalowesha ngozi, nikaingiza kalibu ya mti.

Agosti, fundo la pili.
Septemba, la tatu.
Ukibonyeza kidole pale mguuni kiliacha shimo
kama kwenye donge la maandazi,
nasi tukalitazama likijaa polepole,
hakuna aliyesema neno.
Jirani alisema figo. Dada yake alisema kakanyaga kitu njiani.
Mimi nikalaumu ngozi za siku hizi.

Yeye alikata shauri peke yake.
Vidonge akaviacha kwenye kopo la siagi, kifuniko juu,
siku kumi na tisa.
Na miguu ikanywea! Alinionyesha kifundo chake jikoni,
amepandisha kitenge, kama msichana.
Usiku ule nilikula mtori nikaramba kijiko.
Alfajiri akaniita kwa jina la kaka yake,
aliyezikwa Kibosho mwaka wa njaa.

Hospitali ya Mawenzi. Mia mbili na kumi, juu ya mia na ishirini.
Nesi aliisoma, akahamia mkono wa pili, akaisoma tena.

Daktari kijana, Mnyiramba, jina lake Kitundu
(nilicheka moyoni hata siku ile,
mie mtoboa ngozi wa miaka thelathini)
hakutugombeza. Aliomba tu kuona mkoba.
Aikaruwa akaumwaga mezani: leso, sarafu,
funguo, na karatasi ya diklofenaki
anazonunua mbili mbili dukani kwa ajili ya goti.
"Hizi nazo humpandisha," alisema,
akazisogeza pembeni kwa ncha ya kalamu.
"Na huu uvimbe, mama, ulianza lini?"

Kimya. Nikaingiza mkono mfukoni, nikatoa uzi.
Aliunyoosha juu ya faili: fundo, fundo, fundo.
Akaandika miezi.
"Ni dawa," alisema. "Hiyohiyo iliyokuwa ikikulinda.
Baadhi ya watu huwavimbisha.
Tungepunguza, tungebadilisha. Ungekuja tu."

Ungekuja tu.
Alimwambia yeye, lakini nimeligongelea neno hilo
kwenye soli nyingi tangu siku ile.

Sasa anameza nyingine, na nusu ya ile ya zamani.
Hii mpya ina vituko vyake:
ukiinuka ghafla, na nyumba inainuka nawe.
Kwa hiyo asubuhi hukaa ukingoni mwa kitanda,
miguu ikining'inia, akingoja damu ikumbuke njia.
Mimi nimechuchumaa chini na viatu mkononi,
vilevile nilivyovitanua. Vinampwaya.
Nilitaka kuvibana, amekataa.
Husokota gazeti akajaza mbele,
kisha huyo, kila tarehe nne, kliniki,
vikipiga kelele lami nzima, kwap, kwap,
wala haoni haya.