Pima Tatu, Mfangano

Mfuko huu wa maji tuliutafuta tangu Mbita,
kidole changu kikitambaa juu ya ramani kuukuu
iliyokunjwa hadi ikatoboka penye visiwa.
Chombo chetu ni cha mkopo wa Sacco. Kinaitwa Mdhamini,
kwa heshima ya walimu wenzangu watatu wa Kibuye
ambao hadi leo hawaamini
kwamba sahihi zao zilinunua tanga.

Saa kumi na moja jioni tukaingia.
Miamba kulia, matete kushoto,
furukombe mmoja akatupigia ukelele, kisha akatupuuza.
Hapakuwa na moshi, wala bati linalometa.
"Petu peke yetu," akasema Wasuna, akitua tanga
kama mtu anayeanua nguo kabla ya mvua.

Amari, bildi, gubeti, tezi:
maneno haya niliyaandika ubaoni miaka ishirini
kabla mkono wangu haujayashika.
Bildi yangu ni jiwe la kilo moja, kamba yenye mafundo.
Pima tano.
Pima nne.
Pima tatu, na tope limeganda kwenye jiwe.
Nikalinusa. Lilinuka kitu nilichokijua, nikashindwa kukitaja.
"Tupa!"

Mara ya kwanza nanga ilirudi na gugumaji,
shada zima, kama bibi harusi aliyeghairi.
Mara ya pili iliburura juu ya jabali
na mlio ule ukapanda kwenye amari ukaniingia menoni.
Hapo tukagombana. Yeye alitaka kamba fupi,
tusije tukazunguka usiku tukapiga mwamba.
Nikamwambia, nanga haishiki kwa uzito, Wasuna,
hushika kwa kulala. Ipe kamba. Ipe tena.
Akanitazama kana kwamba nasema jambo jingine.
Huenda nilikuwa nalisema.

Mara ya tatu ikashika.
Niliikanyaga amari kwa unyayo mtupu
nikasikia mtetemo ukififia, ukafa.
Mdhamini akaelekeza gubeti upeponi, akatulia.
Nikachagua alama mbili,
mtini, na jabali lililopakwa chokaa na minandi,
nikazipanga mstari mmoja. Nikasonga ugali.

Usiku, taa za wavuvi wa omena
ziliwaka mbali, mji mzima usio na mitaa.
Kiboko akapumua karibu na tezi,
pumzi moja ndefu ya mtu anayevua viatu.
Niliamka mara nne kuutazama mtini.
Haukuwa umeenda popote.

Alfajiri, sauti ya kasia.
Msichana wa miaka kumi hivi, sare ya shule,
mtumbwi unavuja, anafua maji kwa kopo la Kimbo.
Hakutuamkia. Aliifuata kamba yetu kwa macho
toka gubetini hadi inapozama.
"Mmefunga jikoni kwa nyanya," akasema.

Wasuna akacheka.
Yeye hakucheka.
"Maji yalipopanda tulihamia kule, nyuma ya kilima.
Boma lilikuwa hapa. Nyinyi mko uani.
Nanga yenu ndiyo iko jikoni.
Ile sakafu aliisiriba mwenyewe, kila Disemba,
udongo na samadi, kwa kiganja. Haiachii."

Basi ndiyo harufu ile.
Nikaangalia mikono yangu.
Nikamuuliza jina (Adoyo), kisha, kwa aibu ya mgeni
aliyeketi kitini bila kukaribishwa:
tuing'oe?

Akafikiri, kopo hewani, likidondosha.
"Nyanya anauliza kama mtakunywa chai."
Akapiga kasia moja, mbili, akageuka.
"Na mkiondoka, vuteni polepole.
Mafiga hatukuyabeba."