Misumari Ratili Mbili

Kitabu cha kwanza cha ujenzi nilichosoma
hakikuwa na jalada wala picha.
Daftari la hesabu, la miraba miraba, limelambwa na moshi,
limefungwa kwa ukili na kuchomekwa
juu ya mtambaapanya, jikoni kwetu, Mtambwe,
mahali ambapo baba hakuwa na sababu ya kupeleka mkono.

Mwandiko wa mama, Bi Time binti Hamad,
aliyesoma darasa nne na juzuu zote thelathini:
herufi zimelala upande mmoja
kama migomba iliyopitiwa na upepo.

"Mawe ya msingi, gari tatu za ng'ombe. Makonyo ya msimu mzima."
"Chokaa, tanuu la kwa Asaa. Ukili pima sitini."
"Mchanga tumebeba wenyewe. Mimi, na Mize, na mimba."

Mimba hiyo ndiyo Mbwana,
ambaye leo hupita mlangoni kwa kuinama
na kumlaumu fundi.

Kila chumba kina umri wa mtu.
Ukumbi ni Mbwana. Chumba cha kusini ni pacha,
mmoja wao tulimzika lipu haijakauka.
Mama hakuandika jina. Aliandika:
"Lipu imesimama siku saba."

Mwaka karafuu zilipogoma kuzaa, ukurasa mzima maneno mawili:
"Hakuna kitu."
Na chini yake, kwa kalamu nyingine:
"Dirisha moja."
Sijui alilipata wapi lile dirisha.
Nimemwuliza. Anacheka, anatafuta miwani.

Na baba?
Baba Shaame alikaa barazani miaka ishirini na mitatu,
alasiri mpaka magharibi,
akiwaambia wapita njia, na wageni wa posa, na karani wa sensa:
"Nyumba hii nimeijenga kwa mikono hii."
Akiionyesha, kweli mikono mizuri, ya mcheza bao.
Mama akitia kahawa. Akiongeza tangawizi.
"Ndiyo," akisema. "Karibuni."

Nililipekua daftari mbele nyuma
nikilitafuta jina lake kama mtu atafutaye mchwa kwenye boriti.
Nikalikuta mara moja tu, ukurasa wa bati:
"Misumari, ratili mbili. Shaame. Kalipa taslimu."
Basi.

Siku ya arubaini yake, wageni wameshatawanyika,
masufuria bado yana ukoko,
nikamwekea mama daftari mapajani.
Nilikuwa na hasira za mtu mwenye ushahidi.
"Miaka yote hii, mama. Mbona ulimwachia?"

Akalifunika. Akalikaza upya kwa ukili wake,
fundo, na fundo juu ya fundo,
akainua macho kwenye mabati.
"Upepo wa mwaka ule uling'oa paa la kwa kina Faki,
likaokotwa kondeni.
Letu lilitikisika, likakaa.
Hesabu zote nilipiga, mwanangu, hata kamba ya kupimia.
Misumari, Mize, mie niliisahau."

Sijui kama hilo ni jibu.

Mwezi huu nami najenga, huku Gombani,
kiwanja cha futi arubaini kwa hamsini, na mgogoro wa mpaka juu yake.
Fundi kataka ramani, nimempa ramani.
Daftari sikumpa. Nimelinunua jipya, la miraba miraba,
naliweka kwenye pipa la unga:
"Mawe, lori mbili. Mimi."
"Saruji, mifuko thelathini. Mimi, na kikoba."
"Tofali zilizovunjika njiani, kumi na tisa. Dereva kakana."

Mume wangu kachungulia begani,
kasoma, kakohoa kidogo,
kaenda kuteleka maji ya chai.

Nimeruka mstari mmoja,
nimeuacha mtupu,
nikaendelea na mlango.