Upande wa Kulia

Daktari anasema Kiarabu, haraka, kama anayesoma risiti.
Bibi Zuwena anataka Kiswahili, na si cha mkato:
cha Wete, chenye salamu kwanza.
Mimi niko katikati, kwenye kiti chenye mguu mfupi.

"Uvimbe uko kushoto," natafsiri.
"Kushoto kwa nini?"
Natafuta neno. Shuleni Sinaw tulisoma kwa Kiarabu,
na nyumbani mambo haya yalisemwa kwa macho.
"Kifuko cha mayai, Bibi."
Anautazama mkoba wake kana kwamba kimo humo,
pamoja na leso, panadoli na ndimu kavu mbili.

Rayya ana miaka kumi na tisa.
Anabandua rangi ya kucha kwa kucha nyingine.
Alipoulizwa kama ameolewa alijibu "bado",
na hiyo bado ikabaki mezani
baina ya kalamu na karatasi ya kutia saini.

Daktari anachora mji wa mimba na matawi yake mawili.
Kushoto anakata kwa kalamu. Kulia anaacha.
"Hiki hakiguswi, ila tukikuta ugonjwa umevuka."
Hilo la mwisho nalisema kwa sauti ndogo.
Kisha dripu, miezi mitatu;
na kabla ya dripu, akipenda, mayai yake yagandishwe.

"Kwenye friza?" Bibi anashtuka. "Na samaki?"
Rayya akacheka.
Tangu Jumatano hajacheka.
Daktari akangoja tafsiri. Sikumpa.

Usiku, Shangazi Ghalia kwenye simu kutoka Samad:
msimwambie mtu, nani atakuja kuposa nusu?
Bibi akanipokonya simu.
"Baba yako alikuwa na zamu moja ya falaji,
saa ya usiku wa manane, wenzake wana tatu tatu.
Wewe ulikula tende za nani ukakua?"
Akakata.

Alfajiri, Maskati, kitanda cha magurudumu.
Rayya anamshika daktari mkono wa koti,
anamwambia kwa Kiarabu, polepole:
si kwa ajili ya mume.
Niachie kwa sababu ni changu.

Nikageuka nitafsiri.
"Nimefahamu," akasema Bibi.

Miaka hamsini yuko hapa. Kiarabu anakijua.
Alitaka tu maneno yale
yapitie kinywani mwangu kwanza,
yapoe.
Akatoa ndimu moja mkobani,
akainusa, akanipa.