Jezi Kumi na Tatu

Klabu yetu hapa Muhoroni ina timu mbili
na seti moja ya jezi.
Zilikuwa kumi na nne. Namba nne
ilitafunwa na ndama kule Chemelil
ikiwa imeanikwa juu ya ua wa kayaba,
na tangu siku hiyo beki wa kati, wa kike na wa kiume,
huvaa kumi na nne, ile moja
tumeiziba kwa plasta ya kidonda.

Mfuaji ni mimi. Nilikuwa kipa
kabla goti halijanikana.

Jumamosi wanawake hucheza saa nane,
masizi ya miwa iliyochomwa yakitua uwanjani
kana kwamba juu huko kuna mtu ananyonyoa kuku.
Wanaume huingia saa kumi.
Katikati kuna dakika zangu kumi,
nyuma ya mabati ya choo cha shule:
mikono inachomoza juu, napokea,
nakamua, nakung'uta, nakabidhi.
Jezi inahama mgongo hadi mgongo
ingali na joto,
kama kiti cha mtu aliyeinuka sasa hivi.

Juma lililopita Jemeli, bintiye fundi baiskeli,
namba tisa, alifunga matatu.
La tatu kwa kisigino. Refa alikuja na wageni,
lakini hata yeye alisahau filimbi mdomoni.

Namba tisa ya wanaume ni Ogweno.
Ogweno hajafunga tangu mvua za Aprili.
Mamake haulizi tena matokeo,
humwuliza tu kama amekula.

Alinifuata pale kwenye mabati, akanishika kiwiko.
"Hiyo usiikamue, Mudaki.
Nipe hivyo hivyo."
Akaivaa ikamganda,
begani vumbi la mwenzake,
akainamisha macho kama aliyeazima suti ya harusi.

Dakika ya themanini na nane
mpira ukamkuta, yeye na kipa, basi.
Akapiga.
Mwamba wetu ni mkaratusi usiobanduliwa maganda;
ulitikisika, maganda yakammwagikia kipa kichwani,
na mpira ukarudi ulikotoka.

Jemeli alikuwa ameketi juu ya tofali akila muwa.
Akatema kapi.
"Jezi nilikuachia," akasema.
"Mguu nimekuja nao."
Uwanja ukaangua kicheko,
na aliyechelewa kuacha kucheka ni Ogweno.

Jumanne nilipita karibu na mizani ya miwa.
Jemeli golini, kati ya matrekta mawili,
Ogweno anapiga, anakosa, anapiga.
"Tena," anasema Jemeli.
"Na usiutazame mpira kama mtu anayekudai."

Siku hizi namba tisa naifua mwisho.
Kwapa la kushoto limeanza kuachia.
Jezi ni ya kijani, na nyumbani
nina uzi mweusi tu.
Itabidi.