Kitabu cha Zamu

Kitabu cha zamu hakitaki maneno mengi.
Andika ulichokiona, walituambia kwenye mafunzo,
usiandike unachodhani.
Basi naandika:
Saa nane na robo usiku. Brodie, chumba namba sita, ametoka.
Saa nane na dakika kumi na saba. Brodie ameingia.
Saa nane na dakika kumi na tisa. Ametoka.

Mvua ya Dundee haina makelele.
Inashuka kama mtu aliyepunguza redio,
inalowanisha kofia ya jaketi lake, mabega, nyusi,
naye amesimama nje ya mlango alioufunga mwenyewe,
ufunguo mkononi,
anahesabu kitu nisichokisikia.
Kisha anauchomeka. Unazunguka. Anaingia.
Ananitazama kupitia kioo cha ofisi
kama aliyefumaniwa na chokoleti ya dukani mfukoni.
"Nilikuwa najaribu tu."
"Jaribu," nikamwambia. "Mie nipo mpaka saa moja asubuhi."

Alikuja Jumanne, miaka kumi na minane na siku nne,
na mfuko mweusi wa takataka, ule mkubwa, umepigwa fundo.
Suruali mbili, chaja, kikombe cha ushindi wa kuogelea,
barua ya halmashauri iliyokunjwa mpaka ikachanika mikunjoni.
Kabla ya hapo, makochi.
Kochi la shangazi kule Arbroath, mpaka mume wa shangazi alipopata sauti.
Kochi la kina Ruaridh. Mama yake Ruaridh alikuwa mwema,
alimfulia hata soksi,
lakini mgeni siku mbili, ya tatu mpe jembe,
naye jembe hakuwa nalo, wala shamba, wala mshahara.
Alijifunza kukoroga chai kijiko kisigonge kikombe.
Alijifunza kukunja blanketi kabla wenye nyumba hawajaamka,
kukalia kochi kana kwamba hajalikalia.
Halafu siku tatu, basi la usiku kwenda Aberdeen,
na la kurudi.

Hapa sheria zimebandikwa kwenye friji.
Wageni mwisho saa nne. Kila mtu na rafu yake.
Alhamisi kikao na Morven: fomu za posho, daktari,
kusoma mita ya umeme, kupika wali usigeuke gundi.
Miaka miwili, si zaidi.
Hilo nalo limeandikwa, chini kabisa, kwa herufi ndogo.
Sizipendi herufi zile.

Wiki ya kwanza alilala na viatu.
Najua, kwa sababu king'ora cha moto kililia
(mkate wa namba mbili, kama kawaida)
wote wakatoka pekupeku, wakilaani,
yeye peke yake kamba zimefungwa, mfuko begani,
kama abiria.
Hilo sikuliandika.

Usiku ule wa mvua alitoka na kuingia mara kumi na moja.
Mara ya mwisho hakunitazama. Alipanda ngazi,
nikasikia kufuli la juu likifungwa,
kwa ndani.

Leo, wiki ya sita, ameshuka na soksi.
Moja ina tundu, kidole gumba kinachungulia.
Uso ameukunja.
"Senga, bomba la chumbani kwangu linavuja.
Ti, ti, ti, usiku kucha. Mtu atalalaje?
Nilikwambia tangu Jumatatu. Hii nyumba gani hii?"

Miaka kumi na tisa nimekaa kwenye kiti hiki.
Nimeshukuriwa na vijana ambao moyoni walishaondoka;
asante zao zilikuwa nyepesi, rahisi kubeba.
Huyu hajaja kushukuru. Amesimama juu ya zulia langu, anadai fundi.
Chumbani kwangu, amesema.
Nikainama, nikatafuta kalamu
iliyokuwa mkononi mwangu muda wote.

Saa tano kasoro dakika nane usiku. Chumba namba sita, bomba.
Fundi aitwe.
Mwenye chumba amelalamika.